Pima waya kabla hujanunua kompyuta ya ekskaveta

Swali: Shikamoo fundi. Nina ekskaveta ya Hitachi ZX200-3 niliyoagiza Japani mwaka jana, naikodisha huku Kigamboni kwa kazi za msingi na mitaro. Tangu masika yaanze, asubuhi ikiwa mvua imenyesha usiku, monita inaleta alama ya hitilafu ya mawasiliano. Injini inawaka vizuri lakini resi hazipandi hata opareta azungushe kitufe mpaka mwisho, na mkono unainuka kwa kujivuta. Ikifika saa sita jua limekolea, inakaa sawa yenyewe. Mafundi watatu wameiona. Wa kwanza anasema kompyuta ya injini imekufa, wa pili anasema kontrola kuu, wa tatu anasema pampu. Wa kwanza anataka nusu ya hela ndiyo aagize kompyuta. Nimpe?

Jibu: Marahaba, dada. Usimpe kwanza. Sisemi kwamba fundi huyo ni mwongo, ila hajakuonyesha kipimo hata kimoja, na dalili ulizoandika wewe mwenyewe zinamkatalia.

Injini ya ZX200-3 ni Isuzu 4HK1, ya komoni reli, yaani mafuta ya presha kubwa hukaa kwenye bomba moja linalolisha nozeli zote. Nozeli zake hufunguliwa kwa umeme, na anayezifungua ni kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo ikifa, injini haiwaki hata upige stata mpaka betri zilale. Yako inawaka na kutulia. Maana yake kompyuta ina umeme, inasoma sensa zake, inahesabu mafuta ya kila silinda. Kinachokosekana ni amri kutoka nje. Kwenye mashine hii kitufe cha resi hakiendi injini moja kwa moja: kinaingia kwenye kontrola kuu iliyoko nyuma ya kiti, nayo ndiyo inayoiambia injini izunguke kwa kasi gani. Ujumbe usipofika, injini inabaki chini. Kontrola nayo, kwa kuwa haipati habari za injini, inaibania pampu isije ikaizima. Ndiyo huo mkono unaojivuta. Fundi wa tatu aliona pampu haitoi nguvu, na ni kweli haitoi, lakini ukibadilisha pampu utabaki na tatizo lako lilelile pamoja na deni jipya.

Halafu hilo la mvua na jua. Kompyuta yenye ufa kwenye risasi za ndani zilizounganisha vifaa vyake kwa kawaida hugoma ikipata moto na kurudi ikipoa. Yako inafanya kinyume: inagoma kwenye ubaridi na unyevu, inapona joto likija. Hiyo ni tabia ya maji kwenye konekta au waya uliochubuka. Ningekuwa mtu wa kubahatisha ningeweka hela yangu hapo, lakini hatubahatishi, tunapima, na vipimo vyenyewe ni vya multimita ya kawaida.

Kwanza uelewe kinachopimwa, maana wewe ndiye unayelipa na unapaswa kujua fundi anafanya nini. Kompyuta zote za mashine yako, yaani ya injini, kontrola kuu, monita na ile ya kutunza taarifa, zinaongea kupitia nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo unaitwa CAN. Waliutengeneza Bosch wa Ujerumani na kuutangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari madogo, kisha mitambo mizito na malori wakauchukua. Unafanya kazi kama kundi la WhatsApp: anayeandika anaandikia wote, kila mmoja anasoma, na anayehusika ndiye anayefuata. Mwanakundi akinyamaza, wengine ndio wanaolalamika. Kwa hiyo alama unayoiona kwenye monita ni malalamiko ya msikilizaji. Mafundi wengi wanalisoma jina la kompyuta iliyotoa lawama halafu wanaihukumu hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla hajafungua boliti yoyote, fundi aingie kwenye orodha ya hitilafu na kuandika kila namba, ilitolewa na kompyuta ipi, ipo sasa hivi au ni ya zamani, na ilitokea saa za mashine zikiwa ngapi. Asifute kitu. Nimeshakuta mashine ambazo kila fundi aliyepita alianza kwa kufuta, na ushahidi wote ukaondoka nao. Kama kontrola kuu na monita zote zinalalamika kwamba injini haisikiki, lakini zenyewe zinasikilizana, ubovu uko kwenye tawi linalokwenda injini. Kama kila mmoja anamlalamikia kila mmoja, shina lenyewe limeguswa. Hapo tayari umepunguza nusu ya kazi kwa kusoma tu. Kwa wenye mitambo mingine inayofuata J1939, lugha ya CAN ya malori na mitambo mizito, namba ya kawaida ni SPN 639 (SPN hutaja sehemu yenye shida) yenye FMI 9 (FMI hutaja aina ya shida): ujumbe hauji kwa wakati wake. Nayo haisemi kompyuta imekufa.

Sasa kipimo cha kwanza, na ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Kwenye miisho miwili ya mtandao huo kuna rezista, yaani kidude cha kuzuia umeme, kila moja ya omu 120 (omu ndicho kipimo cha uzuiaji huo). Nyingine hukaa ndani ya kompyuta, nyingine kwenye kikofia kidogo kilichochomekwa mwisho wa wayaringi. Zikiwa mbili sambamba zinasomeka omu 60. Zima swichi, subiri dakika chache kompyuta zilale, kata swichi kuu ya betri, kisha weka mita ya omu kati ya nyaya mbili za CAN kwenye soketi ya kupimia au konekta ya kontrola kuu. Mchoro wa umeme wa modeli yako utaonyesha ni pini zipi. Fundi asiye na mchoro asiguse. Kukisia pini kwenye konekta yenye volti 24 ndiko kunakoua kompyuta nzima.

Ukisoma 60, au 58 mpaka 62, nyaya zote mbili zimefika mwisho hadi mwisho na rezista zote mbili zipo. Ukisoma 120, mwisho mmoja umepotea: ama waya umekatika mahali, ama rezista haipo. Hapa kuna mtego. Ukichomoa kompyuta ambayo ina rezista ndani yake, lazima usome 120, na huo si ubovu. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza rezista ya tatu, na hilo hutokea pale fundi anapofunga kompyuta ya modeli nyingine. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Ukisoma maelfu, miisho yote miwili imepotea, au unapima pini zisizohusika.

Hizi za kutoka Japani zina kisa chao. Wenye mashine kule hufunga vifaa vya ziada: kifaa cha setilaiti cha kufuatilia mashine, kamera, au kipima uzito kwa zile zenye ndoano ya kunyanyulia. Kabla ya mnada vinang'olewa, na anayeng'oa ana haraka. Unakuta konekta tupu inaning'inia nyuma ya kiti, mdomo wazi, ikisubiri unyevu wa Dar. Na kama rezista ya mwisho ilikuwa ndani ya kifaa kilichong'olewa, mashine ilianza safari ikiwa na omu 120. Inaweza kufanya kazi hivyohivyo kwa miezi bila kulalamika, maana nyaya ni fupi, halafu unyevu kidogo unaongezeka na ujumbe unaanza kuharibika. Mwambie fundi aiangalie nafasi hiyo nyuma ya kiti kwa tochi.

Kipimo cha pili ni volti. Rudisha betri, washa swichi bila kuwasha injini. Mtandao ukiwa kimya, nyaya zote mbili hukaa volti 2.5. Ujumbe ukipita, wa juu, ulioandikwa H kwenye mchoro, unapanda mpaka 3.5 na wa chini, L, unashuka mpaka 1.5, mara maelfu kwa sekunde. Multimita haiwezi kuifuata kasi hiyo, itakupa wastani: H kama 2.6 au 2.7, L kama 2.3 au 2.4, na ukizijumlisha unapata karibu 5. H ikisoma sifuri, imegusa bodi ya mashine. Yoyote ikisoma zaidi ya 5, imegusana na waya wenye umeme. Zote mbili zikisoma namba ileile kabisa na hazichezi, ama zimegusana zenyewe kwa zenyewe, ama hakuna anayeongea.

Na vipimo hivi vyote vifanyike wakati tatizo lipo. Ukimwita fundi saa nane mchana atapima 60, volti zitakuwa nzuri, atakwambia nyaya hazina neno, kwa hiyo ni kompyuta. Si ajabu hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwite saa kumi na mbili asubuhi baada ya mvua, mashine ikiwa imelala nje, na opareta asiiwashe mpaka fundi afike. Mvua ikikataa kunyesha, itengenezeni wenyewe: chupa ya kunyunyizia maji kama ya kupigia pasi, mashine imeegeshwa pahali tambarare, baketi chini, leva ya usalama imefungwa, injini inazunguka polepole. Mmoja anatazama monita, mwingine ananyunyiza konekta moja baada ya nyingine na kutikisa wayaringi kidogo. Alama ikitokea, simameni hapohapo. Nimesema chupa. Mashine ya kuoshea magari isiguse eneo hilo.

Tena kuhusu kuosha nina la kusema, kwa sababu hapa Dar ndiko kwenye chanzo cha hitilafu nyingi za namna hii. Kijana anaambiwa aoshe mashine ing'ae kwa ajili ya mteja, anafungua mlango wa injini na kupiga maji ya presha moja kwa moja kwenye konekta. Mpira wa konekta umetengenezwa kuzuia mvua na tope, presha hiyo hauiwezi, sembuse mpira wenyewe ukishakuwa mkavu wa miaka kumi na tano. Maji yanaingia, hayatoki, chumvi ya hewa ya bahari inafanya yaliyobaki. Huko Kigamboni upepo wa bahari mnaupata kuliko sisi wa Ubungo.

Kuna mashine moja Tegeta ilikuwa na ugonjwa kama wako. Konekta ya kati, ile inayounganisha wayaringi ya kabini na ya injini, kwa nje ilikuwa safi, hata klipu yake ililia vizuri ilipofunguka. Ndani, kwenye pini mbili za CAN tu, kulikuwa na unga wa kijani kibichi umeshika ukutani kati ya pini na pini. Pini za umeme mkubwa pembeni yake zilikuwa ziking'aa. Waya ulipovuliwa kidogo nyuma ya pini, shaba ilikuwa nyeusi kwa urefu wa kidole, maana maji yalikuwa yametambaa ndani ya plastiki kati ya nyuzi. Unga huo ukiwa mkavu haupitishi umeme wa maana. Ukilowa kwa umande, unaziunganisha nyaya mbili, na mtandao unakosa sauti. Jua likipanda, unakauka. Mwenye mashine alishanunua kontrola ya mtumba, na ilikuwa bado kwenye boksi lake.

Kwa yako, ningeanza kutafuta sehemu tatu. Ya kwanza ni chini ya zulia la kabini na nyuma ya kiti: mpira wa dirisha la nyuma na wa mlango ukichakaa, mvua inashuka ndani taratibu hadi kwenye kasha la kontrola. Inua zulia uone kama pana alama ya maji. Ya pili ni konekta ya kati na njia ya wayaringi kutoka kabini kupita chumba cha pampu hadi injini, hasa pale penye klampu za chuma, kwani mtikisiko wa miaka unasaga plastiki mpaka shaba inaonekana. Ya tatu ni konekta ya kompyuta ya injini yenyewe. Ukiona mavi ya panya popote humo, fuata waya kwa mkono inchi kwa inchi. Panya wa saiti wanapenda joto la injini iliyozimwa jioni.

Usisahau umeme na ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Kompyuta yenye njaa ya umeme hunyamaza, na kunyamaza kunaonekana kama ubovu wa mawasiliano. Betri mbili za volti 12 zikiwa zimepumzika zinapaswa kutoa 25 na kidogo. Wakati stata inapiga, pima kwenye pini za kontrola zenyewe, wala usiishie kwenye vichwa vya betri. Kisha pima volti kati ya pini ya ethi ya kontrola na kichwa hasi cha betri, swichi ikiwa imewashwa: ikizidi sehemu chache za kumi za volti, kuna boliti ya ethi yenye kutu au iliyopakwa rangi juu. Kazi ya spana na msasa.

Wakikuta konekta yenye kutu, usiruhusu ile dawa ya kupulizia tu na kufunga. Inasafisha kwa wiki mbili. Pini zilizoliwa zikatwe, waya urudishwe nyuma mpaka shaba inayong'aa, pini mpya zibanwe kwa koleo lake. Gerezani utapata konekta za mtumba zilizokatwa na kipande cha waya, zinafaa mradi mpira wake ni mzima. Kama itabidi kuunga waya katikati, kila waya uungwe mahali pake pa kupishana na mwenzake, uvikwe kimpira kinachosinyaa kwa moto chenye gundi ndani, na msokoto wa nyaya mbili urudishwe mpaka karibu na pini. Msokoto huo si urembo, ndio unaozuia kelele za altaneta na solenoidi kuingia kwenye ujumbe. Waya wa spika na tepu nyeusi vikae mbali na mashine yako.

Na mtu asichome sindano kwenye waya ili apime, wala asisukume ncha nene ya mita kwenye pini ya kike. Tundu la sindano ni mlango mpya wa maji, na pini ya kike ikishapanuliwa inagusa ikitaka. Apime kutokea nyuma ya konekta kwa ncha nyembamba. Kama anashuku pini imelegea, achukue pini ya kiume ya saizi hiyo, aiingize na kuivuta: inatakiwa ishike.

Kama 60 ipo na volti zimevurugika, kuna uwezekano kompyuta mojawapo inauvuta mtandao mzima chini. Hapo ndipo kompyuta inashukiwa kwa haki. Swichi ikiwa imezimwa chomoa moja, washa, tazama volti. Rudisha, chomoa nyingine. Ile ambayo ikichomolewa wengine wanarudi kuongea, hiyo ndiyo ya kuchunguza, baada ya kuhakikisha si konekta yake. Asijaribu kwa kufunga kompyuta ya mashine ya jirani. Kama kuna waya unaopeleka volti 24 mahali pasipo pake, mtaunguza na ya jirani. Na hata ya mtumba iliyo nzima inaweza kukataa mpaka iandikwe taarifa za modeli na nozeli za injini yako kwa programu ya watengenezaji wa mashine.

Muulize opareta pia kama kuna mtu alichomelea baketi hivi karibuni. Kama walichomelea bila kukata swichi kuu ya betri na bila kuweka klampu ya ethi karibu na kinachochomelewa, umeme ule ulitafuta njia, na njia hiyo inaweza kuwa ilipita kwenye kompyuta. Hilo lingebadilisha mawazo yangu kidogo kuhusu kila nilichosema juu.

Wenye Komatsu PC200-7 na Caterpillar za miaka hiyo msichukue namba hizi kichwakichwa. Komatsu hiyo ina mtandao mwingine uitwao S-NET, na Caterpillar wana njia yao iitwayo Cat Data Link pamoja na CAN. Kipimo cha omu 60 ni cha CAN peke yake.

Kwa hiyo, dada, kwa huyo fundi wa kwanza mwambie hivi: utamlipa ufundi wa asubuhi moja, na aandike kwenye karatasi omu kati ya H na L, volti ya kila mmoja, volti ya kontrola stata ikipiga, na hitilafu zote na kompyuta iliyozitoa. Apime tatizo likiwepo. Kama ni fundi wa kweli hatakasirika. Akishakuandikia na bado anasema ni kompyuta ya injini, nitumie karatasi hiyo pamoja na picha ya konekta ya kati ikiwa imefunguliwa, pande zote mbili, na nitakwambia kama nakubaliana naye.